Mshipi wa kilo 8 na kolekole wa kilo 20

«Jambo yako, mukubwa. Mimi nauza vipuri vya magari hapa Lubumbashi. Mwezi wa saba nitashuka Dar es Salaam kutoa kontena, na rafiki yangu wa kule anasema tukimaliza bandarini twende kisiwa cha Mafia siku tatu. Kuna watu wanapeleka wageni kuvua baharini kwa fito nyepesi, na kwa ile wanaita pêche à la mouche, yaani kuvua kwa inzi. Mimi navua manda, yule samaki wa meno makali, kwenye mto Luapula, upande wa Kasenga, tangu utoto. Muline yangu ni nzuri, mshipi ni wa kilo 8. Sasa nasikia samaki wa kule wanafika kilo 20 na kupita: mshipi si utakatika? Na inzi gani atamdanganya samaki wa bahari? Kinachoniuma zaidi: unalipa dola nyingi, halafu samaki anarudishwa majini. Je, si kutapeliwa huko? Nikuambie pia ukweli, kuogelea sijui vizuri.»

Ndugu yangu, umeuliza vizuri kuliko wengi wanaonisimamisha njiani kutaka kujua kama bahari ina mamba. Miaka tisa nilikuwa baharia kwenye mashua za wageni kati ya Dar na Mafia. Nilikwenda kule kama karani wa transit, nikaishia kushika pondo. Nianze na mshipi, maana hofu yako nyingine zote zimefungwa kwenye fundo hilo.

Unaposoma «kilo 8» kwenye kibandiko, maana yake ni kwamba uzi ule ukitundikwa mzigo unaozidi hapo, utakatika. Haisemi neno lolote juu ya uzito wa samaki. Samaki akiwa majini hakulemei: maji yanambeba, na wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowaelesha. Unachokisikia mkononi ni nguvu ya mkia wake, na nguvu hiyo hufika kwenye mshipi kwa kiasi kile tu unachokiruhusu wewe. Mlango wa ruhusa hiyo ni breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, au muline kama tunavyosema hapa kwetu. Breki ikiwa imepangwa kuachia kwa kilo 2 na nusu, samaki awe wa kilo 5 au wa kilo 30, akivuta zaidi ya hapo rili inazunguka, uzi unatoka, naye anakimbia huku anajichosha. Ufito mwepesi basi si ufito wa samaki wadogo. Ni ufito wa mtu aliyekubali kumwacha samaki akimbie.

Wazoefu hupanga breki kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wako, hiyo ni kilo 2 hadi 2 na nusu. Usikadirie kwa kidole. Chukua bidon, tia maji lita 2 na nusu, funga mshipi kwenye mkono wake, elekeza ncha ya ufito moja kwa moja kwenye bidon na uinue polepole. Breki iachie pale bidon inapotaka kuachana na sakafu. Utashangaa, kwa sababu vijana wengi wa Luapula ninaowafahamu wanafunga breki mpaka mwisho na kumburuta samaki kwa nguvu za bega. Kwa manda wa kilo 3 njia hiyo inafaulu. Baharini haifaulu hata mara moja.

Na sasa lile linalowakatia watu mishipi bila wao kujua sababu. Breki haibaki pale ulipoiweka. Uzi unapotoka, lile bunda lililozungushwa kwenye rili linapungua unene, na kadiri linavyopungua ndivyo samaki anavyohitaji kuvuta kwa nguvu zaidi ili kulizungusha. Bunda likibaki nusu ya upana wake, breki ya kilo 2 na nusu imekuwa ya kilo 5, wala hujagusa kitu. Ongeza mita 150 za uzi zinazokatiza maji na kukokota, ongeza fundo ulilofunga kwa haraka, tayari uko kwenye kilo 8. Mwili unakuambia nini wakati huo? Unakuambia uzi unaisha, kaza! Kolekole wangu wa kwanza nilimkosa hivyo hivyo: nilikaza robo duara tu, ukasikika mlio kama wa gitaa lililokatika waya, na nahodha akacheka mpaka akakaa chini. Samaki akiwa mbali, breki hulegezwa. Akiwa karibu, ndipo unaongeza kidogo, tena kwa kiganja.

Huyu kolekole ninayemtaja, ukoo wake umeshaula na bukari mara nyingi. Tomsoni wa barafu anayeuzwa kila soko la Lubumbashi ni wa familia moja naye. Unayakumbuka yale magamba magumu yaliyojipanga kama msumeno ubavuni, ambayo mama anayakwangua kabla ya kukaanga? Kolekole anayo pia, karibu na mkia. Tofauti ni ukubwa na hasira: rekodi ya dunia ya kolekole mkubwa ni kilo 72.8, alivuliwa Japani mwaka 2006. Usitishike lakini. Hata sisi tuna wetu. Mbenga wa mto Kongo, binamu mkubwa wa manda wako, rekodi yake ni kilo 44, naye alitoka karibu na Kinshasa mwaka 1988. Ukubwa peke yake haukati uzi.

Kinachokata uzi ni meno na mawe. Kwa hapo wewe una faida, maana umezoea kufunga kipande cha waya mbele ya ndoana kwa ajili ya manda. Nguru na mzia wana meno ya kukata vilevile, kwa hiyo waya wako unasafiri nawe. Kolekole hana meno ya namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba akishaguswa anaelekea moja kwa moja kwenye matumbawe kuusugua uzi. Yeye unamfungia kipande cha nailoni nene mbele, sio waya, maana waya unang'aa na anauona. Na ufito usiusimamishe juu kama mlingoti. Ufito mrefu uliosimama unakuchosha wewe kuliko samaki. Ulaze ubavuni, vuta kinyume na anakoelekea kichwa chake, akigeuka nawe geuka.

Kuhusu muline yenyewe, sina habari nzuri sana. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, nayo huingia kwenye gololi na katikati ya metali mbili tofauti zinapogusana, ikaanza kula. Rili iliyotengenezwa kwa maji ya mto inaweza kuvua siku tatu hizo na kukwama ukishafika nyumbani. Tumia rili ya mwongozaji, yule atakayewapeleka kuvua. Mara nyingi imo ndani ya bei. Ukishikilia kupeleka yako, kila jioni ioshe kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka polepole huku breki umeikaza, maana maji ya bomba yenye kasi yanaisukuma chumvi ndani. Ikaushe, ndipo ulegeze breki. Ukirudi Lubumbashi mpe fundi anayejua rili aifungue yote. Fundi wa saa hafai, nimeshajaribu.

Sasa huyo inzi. Jina linapotosha. Wazungu walianza na vidudu vya mtoni, jina likabaki, lakini kinachofungwa kwenye ndoana ya baharini ni manyoya na nyuzi zilizotengenezwa zifanane na kamba, kaa mdogo au dagaa. Mimi naita chambo cha manyoya. Shida yake ni kwamba hakina uzito. Ufito wako wa kawaida unarusha kwa sababu chambo kizito kinavuta uzi nyuma yake. Hapa mambo yamegeuzwa: uzi wenyewe ndio mzito, mnene kama kamba ya kiatu, nao ndio unaobeba manyoya. Unautupa nyuma, unangoja unyooke, ndipo unausukuma mbele. Huko kungoja ndiko kunakowashinda watu wenye haraka. Fito hizi hupewa namba kwa uzito wa uzi wake: namba 8 kwa samaki wa kwenye mchanga, 9 na 10 kwa kolekole wa wastani, 12 kwa kolekole wakubwa na sulisuli. Mbele ya uzi ule mnene kuna kipande chembamba, na hicho ndicho kinachohesabiwa nguvu. Shirika la kimataifa linaloweka rekodi za uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939, halikubali rekodi ya aina hii ikiwa kipande hicho kinazidi kilo 10. Kwa hiyo kilo zako 8, ulizokuwa ukizionea haya, ziko katikati ya heshima kabisa.

Je, utaweza kujifunza kabla ya mwezi wa saba? Kurusha mita 15 kwa usahihi, ndiyo, ukipata ufito wa kuazima na ukafanya mazoezi nusu saa kila siku kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla ya watoto kufika. Wakifika watakucheka, na wataleta wenzao. Funga kipande cha sufu nyekundu badala ya ndoana. Hili ni moja ya mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi: tafuta mtu mmoja aliyewahi kurusha akusimamie ubavuni walau mara mbili, kwa sababu kosa la mkono wako mwenyewe hulioni. Ukikosa mtu, mwambie mwongozaji wa Mafia mapema kwamba saa ya kwanza mtaitumia ufukweni kujifunza. Mzuri atakubali. Asiyekubali, umeshamjua.

Nimesema mwongozaji, na hapo ndipo dola zako zinapokwenda. Luapula maji yanashuka tu. Baharini yanapanda na kushuka kila baada ya saa 6 na dakika chache, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, na maji ya pwani hiyo hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake kuna maji mafu, yanayosogea kwa uvivu. Fungu la mchanga ulilovua saa mbili asubuhi ya leo, kesho saa hiyo hiyo linaweza kuwa kavu, kunguru wanatembea juu yake. Maji yanapojaa, kaa na kamba wanatoka, na samaki wakubwa wanapanda kwenye mafungu nyuma yao. Yanapokupwa, dagaa wanasombwa kutoka kwenye mikoko hadi kwenye milango ya mikondo, na kolekole wanawangoja pale kama trafiki wa jioni. Hili huwezi kulisoma kwa siku tatu. Unalinunua kwa mtu aliyelisoma kwa miaka.

Unanunua na macho yake. Kwenye maji mafupi injini inazimwa, anasukuma kwa pondo bila kelele, na anamwona samaki kabla yako. Kanunue miwani inayoondoa mng'ao wa maji, ile ya polaroidi. Bila hiyo utaona anga tu. Halafu kuna hili la saa, limeharibu siku nyingi. Mwongozaji akimwona samaki hutaja upande kwa uso wa saa, ncha ya mbele ya mashua ikiwa kwenye 12. Sasa akisema «saa tatu», anamaanisha namba 3, yaani kulia, au saa tatu ya Kiswahili, ambapo mshale uko kwenye 9, yaani kushoto? Sisi wa Lubumbashi wengi tunazitaja saa kwa Kifaransa, yeye wa pwani anazitaja kwa Kiswahili, na wageni wamemzoesha Kiingereza. Kubalianeni kabla hamjaondoka ufukweni. Mimi nilikuwa nasema «kulia kwako» na kunyoosha kidole, basi.

Utapeli upo, sikufichi, lakini haupo pale unapoudhania. Anayekuahidi samaki ndiye wa kumwogopa. Bei kwa kawaida ni ya mashua, sio ya kichwa, kwa hiyo wewe na rafiki yako mnagawana. Uliza kwa maandishi: ni saa ngapi majini, mafuta yamo au hayamo, vifaa vyake vimo, mkipoteza chambo bandia nani analipa, ushuru wa hifadhi na kibali cha uvuvi wa michezo ni juu ya nani. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, makao yake Utende, na kuna sehemu ndani yake ambazo hakuna ndoana inayoruhusiwa. Mwongozaji asiyetaja hifadhi mpaka umuulize angenitia shaka.

Na kumrudisha samaki? Nakuelewa kabisa. Mara ya kwanza nilipoona mzungu anambusu samaki wa kilo 12 na kumwachia, niliona chakula cha watu kumi kikienda zake. Baadaye nilihesabu tofauti: kolekole yule yule wa fungu lile alilipisha mashua yetu tena na tena, na sokoni angelipa mara moja. Hata hivyo kumrudisha kuna uongo wake. Samaki aliyevutwa muda mrefu mno kwa uzi mwembamba mno anajaa uchovu kwenye misuli. Anaondoka akiyumba, na papa anamngoja chini. Kumwachia samaki aliyekufa kwa uchovu si huruma. Ndiyo maana mimi kilo 8 naipenda, lakini anayekwenda na uzi wa kilo 2 kumtafuta kolekole mkubwa ili ajisifu, simwungi mkono. Ndoana iwe imebanwa ule mwiba wake, mikono ilowe kabla ya kumgusa, picha moja, naye abaki majini mpaka mkia upige wenyewe. Ukitaka wa kula, sema asubuhi. Nguru mmoja wa kitoweo, nje ya maeneo yaliyokatazwa, nahodha wengi hawakatai, na jioni mtamla wa kuchoma.

Mwezi wa saba ndio unaonipa mashaka kuliko mshipi. Ni kusi, upepo wa kusini, bahari ya nje inachafuka na manyoya hayarushiki vizuri dhidi yake. Sulisuli, kama rafiki yako alikutajia, wasubiri kaskazi, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa tatu, hasa upande wa Malindi na Watamu kule Kenya. Lakini Mafia ina sehemu zilizokingwa na kisiwa chenyewe, na kwenye mikondo ya mikoko kusi haikufikii sana. Kama kontena lako linaweza kungoja mpaka mwezi wa 11, upepo unapotulia, ningengoja. Najua kontena halingoji, na bandari inahesabu siku.

Basi ningefanya hivi. Siku ya kwanza, nusu siku kwa ufito mwepesi wa kawaida, ule unaoujua, ili ujifunze breki na maji. Siku ya pili, manyoya, maji yakiwa yanajaa na upepo haujaamka. Siku ya tatu uachie upepo uamue asubuhi ile. Na fedha zikibana, hakuna aibu kulipa ngalawa ya mvuvi wa Kilindoni, mji wa hapo Mafia, na kuvua changu kwa mshipi wa mkono; utajifunza bahari zaidi ya wageni wengi, ingawa hutajifunza ufito.

Usiyejua kuogelea, jaketi la kuokolea unalivaa toka ufukweni, hulikalii. Ukikuta mashua haina redio wala jaketi la kila mtu, shuka, hata kama umeshalipa. Dawa ya kichefuchefu cha bahari inamezwa kama saa moja kabla, sio ukishaanza kutapika, na nyingi zinaleta usingizi; kama una presha, sukari au unatumia dawa nyingine, muulize daktari wako hapa Lubumbashi kabla ya safari. Kwenye mchanga tembea kwa kuburuta miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, asikie na aondoke. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yanapungua, kisha uende hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Ndoana ikiingia jichoni au kwenye kiungo cha kidole, mtu asiivute pale mashuani. Kata uzi, funika, nendeni kwa daktari. Chanjo ya pepopunda iwe hai kabla hujaondoka, na kadi ya homa ya manjano usiisahau, sisi tunaotoka Kongo tunaulizwa mpakani.

Kutoka Dar kuna ndege ndogo ya nusu saa hivi, au boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Ndege hizo hupima mizigo kwa ukali, kwa hiyo ufito uwe wa kugawanyika vipande vinne. Na ukishuka, sogeza saa yako mbele. Dar wako mbele yetu kwa saa moja, na jedwali la maji limeandikwa kwa saa yao. Nahodha akisema mtatoka saa 11 alfajiri, mwili wako wa Lubumbashi utasema ni saa 10, nawe utamchukia mpaka jua litoke.